Nani Humlisha Nani? Maziwa ya Nchi za Barafu na Mimea ya Kandokando Yake

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa mialo, walimu, wanafunzi, na ndugu zangu wote mliofika jioni hii: shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo.

Mada tuliyopangiwa ni ikolojia ya maziwa, na najua wengi wenu mlitegemea nianze na sangara, niende kwenye gugumaji, na nimalizie na bei ya dagaa pale Kirumba. Huko nitafika, lakini nitapita njia ya mbali. Nitaanza na maziwa ambayo hayajawahi kuona kokoro wala karabai, maziwa ya Antaktika kwenye ncha ya kusini ya dunia, kisha nitapanda hadi Aktiki kwenye ncha ya kaskazini, ndipo nirudi hapa Ghuba ya Mwanza. Watakaosikia baridi wavumilie.

Sababu yangu ni hii. Ziwa letu la Viktoria ni gumu kusomeka. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, limegawanywa kati ya nchi tatu, maji yake hutoka katika nchi tano, na wale samaki wadogo waitwao furu peke yao walikuwa mamia ya spishi kabla sangara hajawapunguza. Mtu akikueleza sababu moja ya maji kugeuka kijani, mwenzake atakuja na sababu nyingine saba, na kila mmoja atakuwa ameshika kipande cha ukweli. Maziwa ya nchi za barafu hayana msongamano huo. Viumbe wake ni wachache, mwaka wake umegawanyika kati ya mwanga na giza, na kitu kimoja kikibadilika, matokeo yake hufuatika kama nyayo kwenye mchanga mbichi. Kwa hiyo swali ambalo hapa hutuchosha, huko limepata majibu yanayoeleweka: kati ya ziwa na ardhi inayolizunguka, nani humlisha mwenzake?

Tuanze kusini. Karibu bara zima la Antaktika limefunikwa na barafu, lakini yapo maeneo machache yaliyo wazi, na kubwa kuliko yote ni Mabonde Makavu ya McMurdo. Kapteni Robert Falcon Scott alipolifikia mojawapo mwaka 1903 hakuona kiumbe hai hata kimoja, na akaliita bonde la wafu. Mtu huwezi kumlaumu. Mvua hainyeshi huko, theluji kidogo inayoanguka hupeperushwa au hugeuka mvuke kabla haijalowesha ardhi, na wastani wa joto wa mwaka ni kati ya nyuzi 15 na 20 chini ya sifuri. Hakuna mti, hakuna kichaka, hakuna jani la nyasi. Antaktika nzima ina aina mbili tu za mimea ya asili inayotoa maua, moja ikiwa nyasi na nyingine mmea mfupi unaoota kwa kujikunja kama kifundo cha kijani, na zote mbili ziko kwenye rasi na visiwa vya upande unaoelekea Amerika Kusini, mbali kabisa na mabonde haya.

Hata hivyo, katika sakafu ya mabonde hayo kuna maziwa: Bonney, Hoare, Fryxell, Vanda na mengine madogo. Yanapata maji kwa wiki chache tu kila mwaka, pale jua la Desemba na Januari linapoziyeyusha kidogo barafuto, ile mito ya barafu, na vijito vikaanza kutiririka. Juu yake kuna barafu yenye unene wa mita 3 hadi 6 ambayo haiondoki kiangazi wala kipupwe, isipokuwa ukanda mwembamba wa pembezoni unaoyeyuka kwa muda. Chini ya barafu hiyo maji hayagandi. Kilindini mwa Vanda, karibu mita 70 kwenda chini, maji yana chumvi nyingi na joto la zaidi ya nyuzi 20, jambo ambalo hata wanafunzi wangu huona nawatania; lakini chumvi huyafanya maji hayo yawe mazito yasiweze kupanda, na jua linalopenya barafu limeyapasha kidogo kidogo kwa muda mrefu sana.

Katika maziwa hayo hakuna samaki. Wanaotawala ni sianobakteria, jamii ileile ya viumbe wanaoyageuza maji yetu kuwa ya kijani, ila kule wanaishi kwa kushikamana na kufanya utando unaofunika tope la sakafu ya ziwa. Naomba tuutazame utando huo kwa karibu, kwa sababu hoja yangu imeanzia humo. Mwanga unaofika chini ya barafu ni asilimia chache tu ya ule ulio juu, lakini wakati wa kiangazi jua halizami kwa miezi kadhaa, na sianobakteria huutumia mwanga huo mchache kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Kwenye maji ya kina kifupi, oksijeni huzidi hadi ikatoka kama viputo, na viputo hunaswa ndani ya utando. Vikishaongezeka, utando huvimba, hunyanyuka, kipande huchanika, huelea kwenda juu, hugota chini ya barafu na kugandia hapo.

Kinachofuata ndicho kinachonifurahisha kila nikisimulia. Barafu ya ziwa Hoare huliwa upande wa juu na upepo na jua, na huongezwa upande wa chini na maji mapya yanayoganda. Kwa hiyo kile kipande cha utando, bila kusogea hata kidogo ndani ya barafu yake, hupandishwa mwaka hadi mwaka mpaka kinatokeza juu kabisa, kikiwa kikavu na chepesi, na upepo hukichukua na kukitupa kwenye changarawe ya bonde. Watafiti Bruce Parker na George Simmons na wenzao waliueleza mwenendo huu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye changarawe hiyo wanaishi minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, nematodi, na aina iliyoenea zaidi inaitwa Scottnema lindsayae. Chakula chao ni bakteria na hamira, na bakteria hao huishi kwa kaboni ambayo sehemu yake imetoka ziwani: nyingine ni ya leo, iliyopeperushwa na upepo, na nyingine ni mabaki ya ziwa kubwa lililolijaza bonde la Taylor, mojawapo ya mabonde hayo, enzi za barafu na kuacha tope lake pale lilipokauka. Kule ardhi haina mmea wa kuulisha udongo, basi ziwa ndilo linaloulisha.

Uvumilivu wa tando hizo nao unastahili dakika moja. Katika bonde la Taylor kulikuwa na mkondo wa kijito ambao haukuwa umepata maji ya maana kwa takriban miongo miwili. Katikati ya miaka ya 1990, Diane McKnight na wenzake waliyarudisha maji kwenye mkondo huo kwa kuupinda mkondo mwingine, na ndani ya wiki moja tando zilizokuwa zimekauka na kuganda kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimeamka na kuanza kukua. Ndani ya maziwa yenyewe pia kuna mwani mdogo unaoelea ambao, giza la miezi mingi linapoingia na njia ya jua kufungwa, huanza kula bakteria. Tumezoea kugawa viumbe katika mafungu mawili, wanaojitengenezea chakula na wanaokula wenzao, lakini huyu hubadili fungu kulingana na msimu.

Kwingineko kwenye pwani ya Antaktika, karibu na kituo cha Syowa cha Wajapani, wapiga mbizi walikuta sakafu ya maziwa madogo imeota nguzo za brayofita, ile mimea laini ya kijani isiyo na maua ambayo hapa kwetu huizoea juu ya mawe yenye unyevu na kuta za zamani. Nguzo hizo hufika sentimita 60 kwa kimo, zimesimama wima kwenye maji yaliyotulia, wakati ufukweni nje ya maji hakuna mmea wa kufika hata kifundo cha mguu. Kwa mara nyingine, bustani iko ndani ya ziwa na jangwa liko nje.

Kuna maziwa mengine zaidi ya 400 yaliyozikwa chini ya barafu ya bara hilo, likiwemo Vostok lenye urefu wa kilomita zipatazo 250, ambalo barafu iliyolifunika inakaribia kilomita 4. Hayo hayana ufukwe wala mmea, kwa hiyo nayapita. Niongeze jambo moja tu kabla sijaondoka kusini: chini ya Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959 na itifaki yake ya mazingira iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991, watafiti wanaopiga kambi kando ya maziwa hayo huondoka na kila taka yao, pamoja na maji waliyooshea vyombo na haja zao zote. Nikifikiria yanayoingia ziwani kwa njia ya mto Mirongo wa hapa mjini, naona wivu.

Sasa twende kaskazini. Aktiki ni nchi nyingine kabisa. Hapo ardhi ina mimea, tena imejaa tele, ingawa yote ni mifupi: nyasi, kuvumwani, brayofita, na miti iliyokataa kurefuka. Mwerebi wa Aktiki hutambaa chini na huweza kuishi zaidi ya miaka 200 bila kumfikia mtu magotini. Nchi hiyo huitwa tundra, na siri yake iko chini ya miguu: udongo umeganda mwaka mzima hadi kina cha makumi au mamia ya mita, na kiangazi kinapofika, tabaka la juu tu, la sentimita 30 hivi na pengine mita moja, ndilo linaloyeyuka. Maji hayana pa kuzama. Yanasimama juu, na ndiyo maana upande ule wa dunia una maziwa na madimbwi mengi kuliko mtu anavyoweza kuyahesabu.

Ukisimama ukingoni mwa mojawapo, mimea utakayoikuta majini haitakuwa migeni sana kwako. Nyasi zinazotawala kingo za madimbwi ya Alaska, na zile zenye vichwa vyeupe vya pamba zinazoota kwa mafundo magumu kwenye tundra, ni za jamii ya ndago, na jamii hiyo ndiyo ya mafunjo yetu. Fundo moja la nyasi hizo za pamba laweza kuwa na umri unaozidi miaka 100. Halafu wapo vitwitwi, wale ndege wadogo wenye miguu myembamba wanaokimbiakimbia kwenye tope la fukwe zetu kuanzia mwezi wa tisa hivi. Baadhi yao hutaga mayai na kulea makinda Siberia, kandokando ya madimbwi ya tundra, wakila viluwiluwi vya visubi vinavyotoka kwenye tope la huko, kisha hushuka kuja kwetu baridi inapoanza. Wanayajua maziwa ya nchi zote mbili kuliko profesa yeyote.

Ziwa la Aktiki linalojulikana zaidi kwa wanaikolojia ni Toolik, kaskazini mwa Alaska, ambako kituo cha utafiti kimekuwepo tangu mwaka 1975. Lina kina cha mita 25 hivi, na barafu hulifunika kuanzia mwanzoni mwa Oktoba mpaka katikati au mwishoni mwa Juni. Hapa mwelekeo wa chakula umegeuka. Mimea ya tundra hufa, lakini kwa baridi ile haiozi upesi; hurundikana na kuwa udongo mweusi wa mboji, na kila theluji inapoyeyuka maji hupita ndani ya mboji hiyo na kuingia ziwani yakiwa na rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo ni kaboni ya mimea iliyoyeyuka. Huzuia mwanga, hivyo hupunguza mwani. Wakati huohuo bakteria huila na jua huivunja, na sehemu yake hugeuka hewa ukaa. Mwaka 1991 George Kling na wenzake walionyesha kuwa maziwa na mito ya Aktiki huipitishia angani kaboni iliyofyonzwa na mimea ya nchi kavu. Yaani ukipima tundra peke yake bila maziwa yake, hesabu ya kaboni haifungi.

Pamoja na kupokea chakula hicho chote, ziwa la tundra lina njaa. Linapata kaboni nyingi na halipati vya kutosha virutubisho vya kukuza mimea, yaani fosforasi na naitrojeni, kwa sababu mimea ya ufukweni, ambayo nayo ina njaa ya vitu hivyohivyo, huvidaka kwa mizizi kabla havijafika majini. Huo mgawanyo naomba muushike: mmea wa kandokando huachia kaboni na hukamata fosforasi.

Ili kujua njaa hiyo ina maana gani, watafiti wa Toolik walifanya jambo la moja kwa moja. Mwaka 1983, kwenye mto Kuparuk ulio karibu, waliweka ufukweni chombo cha asidi ya fosforasi na kuidondosha mtoni taratibu kila kiangazi, kiasi cha kuongeza takriban mikrogramu 10 tu za fosforasi katika kila lita ya maji. Mikrogramu 10 ni sehemu 10 za milioni ya gramu; huioni, huinusi, wala huionji. Mwani uliongezeka juu ya mawe. Wadudu wengi wa majini waliongezeka, ingawa si wote. Samaki wa mto huo, wale wanaoitwa greilingi, wakanenepa na kukua haraka zaidi. Mtu angesimamisha jaribio baada ya miaka minne au mitano, angeandika kwamba fosforasi ni baraka, na serikali yoyote ingemwamini.

Hawakusimamisha. Waliendelea kudondosha kiangazi baada ya kiangazi, na baada ya miaka saba au minane hivi mto ulibadilika sura. Brayofita ambazo zamani zilikuwa vipande vichache hapa na pale zilitanda juu ya mawe na kuufunika mchanga wa mto, zikawafukuza baadhi ya wadudu na kuwakaribisha wengine. Hakuna aliyelitabiri jambo hilo, na lisingeonekana katika utafiti wa kawaida wa miaka mitatu ambao ndio wafadhili wengi hupenda kuugharimia. Na sehemu ya mto iliyoachishwa mbolea baadaye haikurudi ilivyokuwa mwaka uliofuata. Mimea hiyo ilibaki kwa miaka kadhaa, ikiishi kwa kile ilichokwisha kukamata, mpaka ilipong'olewa na mafuriko.

Upande wa nchi kavu walifanya jaribio linalofanana na hilo tangu mwaka 1981, wakitia naitrojeni na fosforasi kwenye vipande vya tundra. Zile nyasi za pamba zilishindwa nguvu na mbetula mfupi, kichaka ambacho hapo awali kilikuwa cha kawaida tu. Vichaka vikaota vingi na juu ya ardhi pakaonekana pamestawi. Lakini Michelle Mack na wenzake walipopima udongo baada ya miaka 20, walikuta kwamba kila mita ya mraba ilikuwa imepoteza karibu kilo 2 za kaboni ukijumlisha yote, kwa sababu mbolea ileile iliyoikuza mimea iliwaamsha pia viumbe wa kuozesha mboji ya zamani iliyo chini. Mtu aliyetazama kwa macho tu angeona faida.

Matokeo hayo yanatisha kwa sababu joto linafanya kazi ya mbolea. Udongo ulioganda unapoyeyuka, virutubisho vilivyofungiwa humo kwa maelfu ya miaka huachiliwa, na maziwa yenyewe hutikisika. Mengine huzaliwa pale barafu ya chini ya ardhi inapoyeyuka na ardhi kudidimia. Hayo hutoa viputo vya gesi ya methani vinavyoweza kuwashwa kwa kiberiti ukitoboa barafu yake wakati wa baridi. Mengine hufa kwa kutobolewa chini: udongo uliokuwa sakafu ngumu hulainika na maji hupata njia ya kushuka. Laurence Smith na wenzake walilinganisha picha za setilaiti za Siberia za mwaka 1973 na za mwaka 1997 na 1998, na katika maziwa makubwa zaidi ya 10,000 waliyoyahesabu walikuta idadi imepungua kwa asilimia 11 hivi. Kwenye kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada, madimbwi ambayo Marianne Douglas na John Smol walikuwa wakiyafuatilia tangu mwaka 1983 yalikutwa mengine yamekauka kabisa mwezi Julai mwaka 2006. Na karibu na mji wa Utqiaġvik, kaskazini kabisa mwa Alaska, ukilinganisha picha za mwaka 1948 na hali ya mwaka 2013 utaona eneo la madimbwi limepungua kwa takriban asilimia 30, na mojawapo ya sababu ni zile ndago na nyasi za majini, ambazo zimepata virutubisho na joto, zikaota kwa wingi na kuyasogelea maji kutoka kingoni.

Nadhani mwenye kuishi Mwanza hahitaji kutafsiriwa mmea unaotoka kingoni na kuyala maji.

Basi turudi nyumbani. Kule kusini ziwa hulisha ardhi; kule kaskazini ardhi hulisha ziwa kwa kibaba; hapa kwetu ardhi hulilisha ziwa kupita kiasi. Mwaka 1927, mtafiti E. B. Worthington aliposhusha sahani nyeupe ya kupimia uangavu katika maji ya wazi ya ziwa hili, aliiona hadi kina cha mita 7 hivi. Kufikia miaka ya 1990, sahani kama hiyo, mbali na pwani, ilikuwa ikipotea kwenye mita 2 au 3. Katika ghuba yetu hii, Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi zake, na kwamba pale maji yalipochafuka, rangi za madume zilififia na idadi ya spishi ilikuwa ndogo. Tumezoea kumlaumu sangara kwa kupotea kwa furu, na sangara ana makosa yake, lakini giza la majini halikuletwa na sangara peke yake.

Fosforasi inayolisha giza hilo hupita njia ambazo wengi hawazitarajii. Rashid Tamatamah na wenzake, waliopima upande wa Tanzania, walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani huanguka kutoka angani, ikiletwa na mvua na vumbi. Udongo uliolimwa na kuachwa wazi wakati wa kiangazi hupeperuka. Majani na misitu inayochomwa huacha majivu. Upepo hufanya kazi iliyobaki. Kwa hiyo mtu wa Kwimba au Shinyanga ambaye hajawahi kushika kasia anaweza kuwa analirutubisha ziwa kuliko mwenye hoteli ya ufukweni. Nasema hivi si kwa kumtetea mwenye hoteli. Nasema kwa sababu katika mikutano yetu ya mazingira tunazungumzia mabomba ya majitaka na viwanda vya samaki, ambavyo ni kweli vina madhara makubwa karibu na mji, na tunausahau moto wa mwezi wa nane.

Na mafunjo? Hapa ndipo ule mgawanyo niliowaomba muushike unapohusika. Mafunjo na matete ya midomo ya mito hufanya kazi ileile ya ndago za tundra: hupunguza kasi ya maji, tope hutuama, mizizi hukamata fosforasi, na ziwa hupewa kaboni badala ya mbolea. Tukiyafyeka kwa ajili ya mpunga na mboga, tunaondoa mlinzi na kuongeza mwenye kuvuja kwa mkupuo mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeulinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kila mmoja wetu anajua ukanda huo ulivyo leo ukitoka hapa kwenda Igombe au Luchelele. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema mafunjo yasiguswe. Funjo lisilokatwa hufa, huoza, na hurudisha sehemu ya kile lilichokamata. Funjo lililokatwa shina na kufanywa mkeka hupeleka fosforasi hiyo sebuleni kwa mtu, mbali na maji. Mkata mafunjo anayeacha vikonyo vya chini vichipue tena analisaidia ziwa. Anayechoma, au anayeng'oa, hapana.

Tofauti moja kati yetu na watu wa barafu lazima niitaje, maana inatubana. Maji ya nyuzi sifuri hubeba oksijeni karibu miligramu 14 kwa lita. Maji ya nyuzi 25 kama yetu hubeba 7 au 8 hivi. Tunaanza tukiwa na akiba ndogo, na mwani unaokufa na kuzama huimaliza haraka kilindini. Tope likikosa oksijeni, chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi huiachia, nayo hupanda tena kwenye maji. Wavuvi mnauona mwisho wa mchakato huo kati ya mwezi wa sita na wa nane, kusi linapoligeuza ziwa na maji ya chini kupanda, na mara nyingine samaki huelea wamekufa. Maana yake ni kwamba hata tukifunga leo kila mfereji na kuzima kila moto, tope litaendelea kulirutubisha ziwa kwa miaka mingi. Mto Kuparuk, pamoja na udogo wake na usafi wake wote, ulihitaji miaka na mafuriko. Atakayewaahidi kwamba mradi wa miaka mitano utarudisha maji ya Worthington, muulizeni tope amelipeleka wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu si kubwa. Watafiti wa Toolik waliweza kuona mabadiliko kwa sababu walipima kitu kilekile mahali palepale kwa miongo. TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa Mwanza na wanapima, lakini hawawezi kuwa kwenye kila mwalo. Mwalimu wa sayansi mwenye kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe, jiwe la kukizamisha, na kamba yenye fundo kila baada ya nusu mita, anaweza kwenda na wanafunzi wake mara moja kwa mwezi, saa ileile, upande wa kivuli wa mtumbwi, akakishusha mpaka kisionekane na kuandika fundo lililoishia mkononi. Aandike na tarehe, na upepo, na kama kulikuwa na moshi angani. Daftari lisitupwe mwalimu akihamishwa; akabidhiwe anayefuata. Shule za Ukerewe, Sengerema na Magu zikifanya hivyo kwa miaka kumi tu, tutakuwa na kumbukumbu ya pwani yetu ambayo kwa sasa haipo, na mtu akisema maji yamekuwa mabaya au mazuri tutamwomba atuonyeshe fundo.

Ndugu Mwenyekiti, nakushukuru kwa muda ulionipa. Vifuniko vichache vilivyokwisha pakwa rangi viko mezani hapo nyuma kwa walimu watakaovihitaji, na sasa niko tayari kwa maswali.